Hesabu Vichwa Kabla ya Kusaini: kwa maafisa wapya wa elimu

Afisa mpya wa elimu hutambulika kwa anakoelekea akishashuka kwenye pikipiki. Huyo, moja kwa moja hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Anakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa, anauliza mambo yanaendaje, anajibiwa kwamba yanaenda vizuri. Chai inaletwa. Ikifika saa tano ameandika kwenye kitabu cha wageni "Nimezuru shule, kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo", amesaini karatasi tatu alizowekewa mezani, na anauliza njia ya mkato ya kwenda shule inayofuata. Muhula huu wa namna hiyo wameonekana wengi hapa Kenya, Njoro hadi Nyando, Lugari hadi Budalang'i, na wengine ni vijana wenye digrii mbili. Mnapendwa, lakini mnachosha.

Mnajua tayari CSO, afisa wa kusaidia mtaala, ni wa TSC, tume inayoajiri walimu, na afisa wa ubora ni wa Wizara. Mnajua TPAD, tathmini ya utendaji wa mwalimu, mnajua mfumo wa takwimu unavyoganda tarehe ya mwisho ikikaribia. Hayo hayatarudiwa hapa. Yanayofuata ni yale ambayo barua ya uteuzi haiyataji.

Kwanza muwaelewe wanaowakabidhi ofisi. Afisa anayestaafu siku hizi akiwa na miaka 60 alifanya CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, si KCPE iliyoufuata. Alisomea P1, cheti cha ualimu wa shule ya msingi, kwa miaka miwili, pengine Kaimosi, Eregi, Asumbi au Siriba, akapewa darasa wakati mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa bado unanuka rangi, na wazazi wakichangishana harambee kujenga karakana za useremala na sayansi kimu. Akawa naibu, akawa mwalimu mkuu, akawa tyuta wa TAC, kituo cha ushauri kwa walimu. Januari 2003 alipokea umati wa watoto langoni elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure. Mwanzoni mwa 2008 aliandikisha watoto waliokimbia makwao, wengine wakilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, hawana barua ya uhamisho wala sare. 2020 alizifunga shule kwa korona, na 2023 akaona KCPE ya mwisho. Mtu aliyepitia hayo yote haamini karatasi upesi. Mkimwona anachungulia dirisha la darasa huku midomo ikichezacheza, hasali. Anahesabu.

1. Shukia langoni.

Masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Fika saa moja na nusu. Msalimie mlinzi, andika kwenye kitabu cha wageni saa halisi uliyoingia, kisha umwombe mwalimu mkuu mtembee naye: vyoo, jikoni, maji, madarasa, ofisi mwisho. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamruhusu afisa wa ubora kuingia shuleni kwa taarifa au bila taarifa. Hata hivyo ruhusa ya sheria haiondoi adabu, na mwalimu mkuu aliyeshtukizwa mbele ya wazazi hatakusamehe kwa miaka mitano.

Vyoo vinakueleza hali ya fedha upesi kuliko daftari. Uwiano unaotumika ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Shimo lisipungue mita 6 kwenda chini, na liwe mita 15 au zaidi kutoka kisimani. Lakini ukiwa tambarare za Kano au Budalang'i usimgombeze mwalimu kwa shimo la mita 2. Maji yako karibu na uso wa ardhi, na mvua za Aprili zikifika shimo refu linajaa na kubomoka. Huko uliza kama choo kimeinuliwa juu ya msingi, na kinanyonywa lini.

2. Nunua utepe wa kupimia wa mita 5. Bwenini, mlango uwe na upana wa futi 5 au zaidi na ufungukie nje. Vitanda viachane mita 1.2, ujia uwe mita 2, dirisha lisiwe na nondo. Usikubali kuambiwa "ni kama futi tano hivi". Shule yenye ghorofa, itazame wakati kengele ya kwenda nyumbani inalia, si asubuhi. Februari 2020, mjini Kakamega, watoto walikanyagana kwenye ngazi wakishuka jioni na zaidi ya kumi wakafa. Simama chini ya ngazi uone wanashuka madarasa mangapi kwa mkupuo, upande gani, nani anawaongoza.

3. Hesabu vichwa kabla ya kusaini.

Hapa tutakaa. Hili ndilo kosa linalowaponza maafisa wa kila kizazi, na halianzi kwa wizi. Linaanza kwa ujumbe wa WhatsApp.

Saa kumi jioni ofisi ya juu inataka idadi ya wanafunzi wa kila shule kabla ya saa mbili asubuhi. Zoni ina shule 23. Afisa anapiga simu. Walimu wakuu 15 wanajibu kwa kukumbuka, 5 wanatuma takwimu za muhula uliopita, 3 hawapatikani. Kwa hao watatu anachukua karatasi ya zamani, anaongeza watoto watano hapa, wanane pale, kwa kuwa shule huwa zinakua. Usiku wa manane jedwali limependeza kweli, safu zimenyooka, jumla imekubali. Asubuhi anasaini. Tangu hapo namba zile si za mwalimu mkuu tena, ni zake.

Muhula unaofuata anaulizwa tena. Akipunguza itabidi ajieleze kwa nini aliandika nyingi, kwa hiyo anaanzia pale alipoishia na kupanda kidogo. Mihula minne baadaye shule yenye watoto 380 ina 460 kwenye karatasi, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akapanga kuiba. Wakija wakaguzi wa hesabu hawaanzi na nia ya mtu. Wanaanza na kuzidisha. Mgao wa serikali hukokotolewa kwa kichwa: shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi, 15,042 kwa wa JSS (sekondari ya chini), 22,244 kwa wa sekondari ya kutwa. Watoto 80 hewa wa msingi ni shilingi 113,600. Watoto 40 hewa wa JSS ni 601,680. Wanafunzi 30 hewa wa sekondari ni 667,320. Hata fedha zikija nusu, swali linaloulizwa mezani ni lile lile: nani alithibitisha? Wanageuza karatasi, wanaweka kidole kwenye saini.

Afisa husema aliambiwa na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu husema alitaja idadi ya rejista, hakusema wote wapo. Mwalimu wa darasa husema rejista ilijazwa kama ilivyo desturi. Desturi yenyewe ni kwamba Ijumaa mchana mwalimu anakaa na kalamu moja anajaza wiki nzima, asubuhi na alasiri, bila sifuri ya asiyekuwepo hata moja. Wote watatu wamesema kweli kiasi, na hakuna mwenye ukweli wa kutosha kumwokoa mwenzake.

Inafaa muelewe pia kwa nini idadi hupandishwa kwa makusudi, maana wengi mnadhani ni tamaa tu. Fedha huja zimechelewa na zimekatwa, wakati kuni, mlinzi na umeme havisubiri. Mwalimu mkuu anayejua atapata robo tatu ya stahili yake hujaribiwa kuongeza idadi ili robo tatu ile ifikie mahitaji. Wengine wanaogopa kunyang'anywa walimu, kwa kuwa mgawo wa walimu nao hufuata idadi. Maumivu hayo ni ya kweli, yaandikwe kwenye ripoti kama maumivu. Yasiandikwe kama watoto. Walimu wa TSC hawatoshi, na mwalimu anayepelekwa kufundisha vichwa hewa ameondolewa kwenye shule ya jirani inayosema kweli, ambako mtu mmoja anashika Gredi ya 2 na ya 3 katika chumba kimoja.

Sasa namna ya kuhesabu. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi, isiwe siku ya soko la karibu. Ukihesabu Luanda siku ya soko utapata nusu ya shule, na nusu nyingine utaipata barabarani ikiuza ndizi. Kaunti ya Bungoma, mwaka unaogawika kwa mbili, epuka majuma ya kuelekea Agosti: wavulana wanaongojea tohara wanazunguka kwa wajomba wakialika watu. Trans Nzoia tazama wakati wa kupanda na kuvuna mahindi, Molo wakati wa viazi. Huu si utoro wa kudumu, usiupeleke kwenye jedwali kama wanafunzi waliopotea.

Hesabu katika somo la pili, kabla ya mapumziko, madarasa yote ndani ya kipindi kimoja. Shule ikizidi watoto 600 nenda na mwenzako, mmoja aanzie juu mmoja aanzie chini, mkutane katikati. Ukihesabu madarasa manne, ukanywa chai, ukarudi kwa mengine, utawahesabu baadhi mara mbili: watoto wana miguu, na madawati pia hutembea. Kila darasa andika namba tatu. Waliopo mbele yako, walio kwenye rejista ya darasa, na walio kwenye daftari la uandikishaji au kwenye mfumo. Usizichanganye wala usizitafutie wastani.

Watoto wa PP1 na PP2 wahesabu kando. Elimu ya awali ni kazi ya serikali ya kaunti, na mgao wa msingi hauwahusu, lakini kila mwaka yupo afisa anayewajumlisha kwa sababu wako ndani ya ua ule ule. JSS nayo ina mgao wake na akaunti yake ijapokuwa mwalimu mkuu ni mmoja. Gredi ya 7, 8 na 9 ziwe na karatasi yao.

Kwa wasiokuwepo usiulize idadi, uliza majina. Tena usimuulize mwalimu, mwulize aliyekaa naye dawati moja. Mwalimu atasema "ana ruhusa". Mtoto atasema "alihamia Naivasha na mamake mwaka jana". Kisha omba daftari la mazoezi la asiyekuwepo na utazame tarehe ya kazi ya mwisho iliyosahihishwa. Kama hakuna daftari kabisa, na rejista inasema alikuwepo jana asubuhi na alasiri, umeshapata ulichokuja kutafuta. Namba za uandikishaji zikiruka kutoka 2114 hadi 2131, uliza 16 zilizo katikati ni akina nani.

Kama shule inapikia watoto wote, pitia jikoni kabla neno halijafika huko. Kipimo cha kawaida cha mlo wa mchana ni gramu 150 za mahindi, 40 za maharagwe na 5 za mafuta kwa mtoto. Watoto 400 wanahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe. Mpishi akikwambia anapima gorogoro 22 za mahindi na hakuna anayelalamika njaa, hizo ni kama kilo 44, yaani chakula cha watoto wasiofika 300. Mpishi hana sababu ya kudanganya kuhusu sufuria yake, labda umuulize mbele ya mwalimu mkuu.

Na hapa ndipo vijana wengi mnateleza upande wa pili. Mkishapata harufu ya wanafunzi hewa mnakuwa kama paka aliyeonja samaki, hamuoni kingine. Katika shule hiyo hiyo wamo watoto waliokaa darasani, wana viatu, wana majina, lakini mfumo hauwajui. Hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hawakuingizwa, kwa hiyo hawakuletewa hata shilingi. Walizaliwa nyumbani, au mama alifariki, au walikuja na bibi kutoka upande wa pili wa mpaka. Wapo pia waliohama na shule ya zamani haijawaachilia kwenye mfumo, kwa hiyo wanasoma Rongai huku fedha zao zinakwenda Subukia. Ukifuta hewa 20 bila kuandikisha hawa 35, umeipunja shule huku ukijisifu kwa uadilifu. Tengeneza orodha: jina la mtoto, jina la mzazi au mlezi, namba ya kitambulisho cha mzazi, kama kadi ya kliniki ipo au haipo, kata aliyozaliwa. Mpe chifu nakala moja na ofisi ya usajili wa vizazi nyingine. Wazazi wakija kwa kundi la watu 30 siku moja iliyopangwa, kazi huenda. Wakitumwa mmoja mmoja, nauli inawashinda na cheti hakipatikani.

Wala usimfute mtu kwa kumtazama. Januari 2004, mjini Eldoret, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Afisa anayehesabu kwa sura angemwandika kuwa mzazi aliyekuja kulipa deni.

Mwisho, saini. Chini ya jedwali andika kwa mkono wako: "Waliohesabiwa ana kwa ana tarehe fulani, kati ya saa fulani na saa fulani, ni 371. Rejista ina 384. Mfumo una 402. Tofauti imeelezwa kwenye kiambatisho." Mwalimu mkuu asaini, nawe usaini, nakala tatu: shule, zoni, kaunti ndogo. Kwa zile shule ambazo hukuzifikia kabla ya saa mbili asubuhi, andika "haijahesabiwa". Utapigiwa simu ya hasira na mkubwa wako. Ipokee, sema "ndiyo, mheshimiwa", na namba ibaki tupu. Hasira ya simu huisha kabla ya chakula cha mchana.

4. Mwalimu darasani. Keti nyuma, kaa kipindi chote, dakika 30 au 35 au 40, kutegemea ngazi. Anayetoka baada ya dakika 10 ameona salamu tu. Kabla ya kuingia uwe umesoma azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi, uone kama vitatu hivi vinazungumza. Rekodi ikiwa mbele ya azimio kwa wiki tatu, hapo pana uchawi. Usichukue chaki, hata mwalimu akikosea. Maoni yatolewe chini ya mti, wawili tu, ukianza na alichofanya vyema kwa jina lake, si "somo lilikuwa zuri".

5. Kuku.

Magharibi hakuna namna ya kulikwepa hili. Mgeni mara ya kwanza huchinjiwa, na kumkataa kuku wa Mluhya ni kutukana ukoo mzima pamoja na waliolala. Wapya wengine hukataa kwa sauti ya juu wakitaja maadili ya utumishi, wakaondoka na sifa ya kiburi inayowatangulia hadi zoni ya tatu. Wengine hula kwanza, wakaanza kuandika ripoti wakiwa wamelegea. Utaratibu ni huu: matokeo ya ziara yasomwe kwanza mbele ya mwalimu mkuu na naibu, yasainiwe, ndipo watu wanawe mikono. Ukiwa umeshasoma mapungufu saba, anayekukaribisha anakukaribisha kama mgeni. Bahasha haihusiani na kuku; hiyo irudishwe hapo hapo, mbele ya naibu, kwa tabasamu, bila hotuba. Na firigisi mwachie mzee wa bodi.

6. Makabidhiano ya mwalimu mkuu. Msipende kuyamaliza kwa saa moja na picha ya pamoja. Yanataka siku nzima. Taarifa ya benki ya siku hiyo kwa kila akaunti, daftari la fedha limefungwa na kulinganishwa nayo, vitabu vya hundi na vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, leja ya bohari ikisomwa huku mtu anahesabu vitu, daftari la uandikishaji, kitabu cha matukio ya shule, kumbukumbu za vikao vya BOM (bodi ya usimamizi wa shule), hati ya ardhi au maelezo ya iliko, vyeti ambavyo wenyewe hawajavichukua. Kinachosahaulika kila mara ni madeni. Andika kila anayeidai shule, kiasi na tarehe, na anayeondoka asaini. Usipofanya hivyo, baada ya wiki mbili aliyeuza maharagwe atakuja na karatasi ya shilingi 180,000, mpya atasema hajui, wa zamani atasema aliiacha, na kesi itakuwa kwako. Wenye saini za benki wabadilishwe wiki hiyo hiyo.

7. Bodi na mdhamini. Wajumbe wa BOM ni sita wa wazazi, mmoja wa bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa walimu, watatu wa mdhamini, mmoja wa makundi maalum na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Wahesabu. Bodi yenye wajumbe tisa wa ukoo mmoja haikupatikana kwa bahati. Kanisa lililoanzisha shule, liwe la Kiquaker, Kianglikana, Kikatoliki au lingine, lina sauti katika malezi ya kiroho na linashauriwa kuhusu uongozi, lakini halimwajiri mwalimu wala kumhamisha. Askofu akikupigia simu kuhusu uhamisho, sikiliza hadi mwisho, mwambie utaipeleka hoja yake kwa TSC, kisha uipeleke kweli, kwa barua. Wazazi wakifunga lango kumkataa mwalimu mkuu mpya, usiende na polisi siku ya kwanza. Nenda na chifu na mwenyekiti wa bodi, jioni, watu wakiwa wamepoa.

8. Nidhamu ya walimu. Kesi nyingi hufa kwa maandishi mabovu, hata pale kosa linapokuwa wazi. Mwalimu aliyesimamishwa ana siku 21 za kujitetea kwa maandishi, na utetezi wake utasomwa na watu wasiokujua wala kumjua. Maelezo ya mashahidi yawe na tarehe, saa na mahali. Mtoto aandike kwa maneno yake, kwa lugha anayoiweza, akiwa na mzazi au mwalimu wa kike anayemwamini, na usimsahihishie tahajia. Maelezo sita yenye sentensi moja ileile hayamthibitishii mtu kitu ila kwamba afisa alikuwa anaamuru imla. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, kwa hiyo usije ukaandika kwamba mwalimu "alimwadhibu mtoto kwa kiasi".

9. Faili lako.

Hili mnalicheka mkiwa na miaka 38. Maafisa wanaojua kanuni zote za shule hufika mwaka wa mwisho bila barua yao ya kwanza ya kuajiriwa. Walioko kwenye mpango wa zamani wa pensheni, hesabu ni hivi: mshahara wa msingi wa mwaka, mara miezi ya utumishi, gawanya kwa 480. Chukua mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 80,000 kwa mwezi, utumishi wa miezi 396. Kwa mwaka ni 960,000. Zidisha kwa 396, gawanya kwa 480, unapata pensheni ya 792,000 kwa mwaka. Akichukua robo kwa mkupuo, robo hiyo ni 198,000, inazidishwa mara 20, yaani 3,960,000. Inabaki 594,000 kwa mwaka, sawa na 49,500 kila mwezi. Angalieni jinsi miezi inavyouma: ukikosa ushahidi wa miezi 24 ya mwanzo, kwa mtu huyo ni shilingi 48,000 za pensheni zinapotea kila mwaka.

Wadogo waliokuwa chini ya miaka 45 mpango mpya ulipoanza Januari 2021 wanachangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali 15. Someni taarifa ya michango kila mwaka, kwa kuwa mwezi usiolipwa hauwezi kujitaja wenyewe.

Weka nakala za barua ya uteuzi, ya kuthibitishwa kazini, za kila kupandishwa cheo na kila uhamisho, hati ya mshahara moja ya kila mwaka, na nakala za makabidhiano yote uliyosaini ukitoka kituo kimoja kwenda kingine. Hoja ya ukaguzi iliyobaki wazi kwenye kituo cha miaka kumi iliyopita hukufuata, na wakati huo karani aliyejua lilipo faili naye ameshastaafu. Anza kukusanya mwaka mmoja na nusu kabla ya siku yako ya kuzaliwa ya 60.

Na majina. Watu wa kizazi kile waliandikwa kwa jina la ubatizo shuleni, la ukoo kwenye kitambulisho, na la mume kwenye benki. Kama vyeti vinasema Wekesa na kitambulisho kinasema Wekhesa, hiyo herufi moja inaweza kushikilia malipo. Nenda kwa wakili ufanye hati ya kubadili jina, itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha upeleke nakala TSC, benki, KRA (mamlaka ya kodi) na kwenye bima ya afya. Hakikisha pia majina ya mke au mume na watoto uliowaandika ni ya sasa. Afisa akifariki na fomu ina jina la aliyeachana naye miaka ishirini iliyopita, ofisi italifuata jina hilo.